Pampu Zilivuka Kwanza

Lori la kwanza lilivuka salama, na dereva wake akapiga honi kuwaaga walio nyuma. Lori la pili lilikuwa juu ya daraja pale barabara ya ng'ambo ilipokatika. Haikutoa kishindo. Lami ilipasuka, ikainama, ikateleza mtoni kipande baada ya kipande, na mahali palipokuwa na njia pakabaki maji mekundu yanayokimbia.

"Breki, shemeji! Breki!"

"Mimi nimeshika za miguu, wewe unashika za mdomo," dereva alijibu, na lori likasimama.

Walikuwa watatu kwenye kichwa cha lori. Dereva alikuwa mume wa marehemu mdogo wake Mama Stoo. Mama Stoo ndiye mtunza ghala la maafa, na wote ofisini walimwita hivyo, hata wakubwa. Kati yao alikaa afisa maafa, kijana mrefu wa maneno machache, ambaye katika kila kikao alisimama kuuliza habari za utayari mpaka wenzake wakamwita Bwana Utayari. Alianza kulizoea jina hilo, na siku hizi alikuwa akiitika.

Mama Stoo alichungulia kioo cha pembeni. Nyuma yao barabara ilishuka bondeni kabla ya kupanda tena, na bonde lile lilikuwa limeshajaa. Lori la tatu lilisimama upande wa pili wa maji, likarudi nyuma taratibu, taa zake zikapotea kwenye mvua. Mbele hakuna njia, nyuma hakuna njia. Wao walibaki na daraja.

"Nateremka kuona nguzo," dereva alisema.

"Kaa humu humu."

"Nikikaa nitajuaje kama tunasimama au tunaelea?"

Aliteremka upande wa kulia, akapita kwa ubavu kati ya lori na ukuta mfupi wa zege. Ndipo daraja likashuka. Lilishuka upande mmoja tu, kama kitanda kilichovunjika tendegu, na lori zima, na shehena yake, likalalia upande ule. Mama Stoo alisikia sauti ya shemeji yake. Haikuwa ya kelele. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekatwa pumzi.

Walipomfikia, alikuwa amesimama wima, mikono juu ya ukuta, uso wa kijivu. Mguu wake wa kushoto, chini ya goti, ulikuwa umebanwa kati ya tangi la dizeli na zege. Maji yalikuwa yameanza kupita juu ya daraja, yakimfika kwenye vifundo vya miguu.

"Usinivute," alisema. "Ukinivuta, mguu unabaki."

Afisa aliweka bega kwenye ubavu wa lori akasukuma. Mama Stoo naye akaweka lake. Lori halikujua hata kama wapo.

Nyuma ya lori lile, chini ya turubai, kulikuwa na boti za mpira za uokoaji, zimekunjwa na kupangwa vizuri kuliko nguo za duka. Zilikuwa boti tu. Pampu za kuzijaza, pamoja na injini na makafi ya kupigia maji, zilikuwa kwenye lori la kwanza. Maboya ya kuvaa na kamba zilikuwa kwenye la tatu.

Hivyo ndivyo utaratibu ulivyotaka. Mwaka uliopita vifaa vilipelekwa bondeni vikiwa mchanganyiko, na wakaguzi waliofuata walihangaika wiki nzima kuvihesabu. Ukatoka mwongozo: aina moja, gari moja. Upokeaji uwe rahisi. Mama Stoo ndiye aliyesimamia upakiaji asubuhi ile, kwa mikono yake, na mkuu wa ofisi alipita akamsifu kwamba ghala lake ni mfano. Na kweli alifurahi. Nani asingefurahi?

Katika mwongozo ule ule, boti zilitakiwa kuwekwa bondeni kabla ya mvua, si baada ya maji kuingia majumbani. Bwana Utayari alikuwa ameomba kibali cha kuzitoa tangu kiangazi. Kila alipokwenda aliambiwa mvua bado.

Ng'ambo, watu wa lori la kwanza walikuwa wamerudi mpaka ukingoni. Walipunga mikono, walipiga kelele ambazo mto ulizimeza. Mmoja wao alikimbia kwenye lori lao akarudi na pampu, akaiinua juu kwa mikono miwili ili waione. Akasimama nayo hivyo. Kisha akaishusha chini akashika kichwa.

Afisa alipata mtandao kidogo alipopanda juu ya shehena. Mama Stoo alimsikia akipaza sauti: "Ndiyo, darajani! Mtu amebanwa! Maji yanapanda!" Akasikiliza. Akateremka, simu ingali mkononi, na uso wake ulikuwa wa ajabu, kama anataka kucheka na kulia pamoja.

"Wanasemaje?"

"Wanasema tutulie. Boti za uokoaji zimeshatoka ghalani tangu asubuhi. Ziko njiani."

Dereva ndiye aliyecheka. Alicheka kidogo, kisha mguu ukamkata kicheko.

Maji yalimfika magotini. Yalikuwa ya baridi na yalibeba kila kitu: majani, ndoo, mlango wa banda bado una komeo lake. Mama Stoo alisimama upande yanakotokea akivikinga visimgonge shemeji. Alimtazama usoni, akawaona moyoni mabinti zake wawili, ambao mama yao alikufa akiwa amemshika yeye mkono, akimwambia, dada, hawa wawili wasije wakabaki na upweke. Wamebaki na baba. Alijua asingeweza kuingia mlangoni mwa nyumba ile bila yeye. Mambo mengine yote, ofisi, shehena, kazi yake ya miaka, yaliondoka kichwani kama yale majani.

"Shemeji," dereva alisema, amefumba macho. "Hii gari ina breki za upepo."

"Sasa breki za nini, jamani?"

"Nisikilize. Zina mtungi wa upepo huku chini. Injini ikiwaka inaujaza. Sisi tairi likiisha upepo porini tunalijaza kwa mtungi huo huo. Mpira wake uko nyuma ya kiti changu."

Afisa alielewa kabla yake. "Boti," alisema.

"Boti. Injini bado inawaka. Eksozi ikimeza maji, basi tena. Fanyeni haraka."

Afisa alipanda nyuma, akakata turubai, akaangusha boti moja nzito iliyokunjwa. Mama Stoo alileta mpira wa upepo. Alipiga magoti majini, akapapasa chini ya lori kwa maelekezo ya dereva, mkono mpaka begani, kidevu kikigusa maji.

"Kuna kikoki cha shaba."

"Nimekigusa."

"Fungua kofia yake. Zungusha. Huko siko, kinyume."

"Sema vizuri basi!"

"Nasema vizuri, ni wewe unasikia vibaya, kama marehemu mdogo wako."

Ule mpira uliingia. Lakini tundu la boti lilikuwa pana na mdomo wa mpira ulikuwa mwembamba, na upepo wote ulitoka pembeni ukipiga mluzi. Walitazamana. Afisa akachukua chupa yao pekee ya maji ya kunywa, wakanywa kila mmoja funda, akamnywesha dereva yaliyobaki, kisha akaikata chupa kwa kisu. Shingo yake ilikaa sawasawa kwenye tundu la boti. Mama Stoo alivua kitambaa chake cha kichwa, akakichana, akaviringisha vipande kuzunguka ule mpira, wakaushindilia ndani ya chupa. Uliendelea kuvuja. Lakini kona ya boti ikainuka kidogo, kama mtu anayevuta pumzi usingizini.

"Msiijaze hapo," dereva alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Iingizeni hapa. Kati ya gari na ukuta."

"Ikapasuke?"

"Ipasuke. Kwanza isukume."

Waliisokomeza boti ikiwa bado imekunjwa, kwa magoti na viwiko, mpaka ikakaa kando ya mguu wake. Afisa aliingia kwenye usukani, akakanyaga mafuta, injini ikanguruma. Mama Stoo alibaki majini ameshika chupa kwa mikono miwili, na chini ya vidole vyake mpira wa boti ulianza kuwa mgumu. Ukavimba. Ukajaza nafasi yote iliyokuwepo, kisha ukaanza kudai nyingine. Springi za lori zililia. Bodi ikainuka upana wa kidole. Maji yalikuwa yanamfika dereva kiunoni.

"Bado," alisema.

Upana wa vidole viwili.

"Bado, shemeji, bado... sasa!"

Mama Stoo alimkumbatia kifuani akajitupa nyuma naye. Walianguka wote majini. Alipoibuka, boti ilipasuka kwa mlio uliomziba masikio, na lori likarudi kwenye ukuta kwa nguvu zake zote. Mguu haukuwa pale. Ulikuwa mikononi mwake, pamoja na mwenyewe, umepinda mahali pasipo na kiungo.

Afisa aliwapandisha juu ya shehena. Alivua shati lake akaufunga mguu juu ya goti, akakaza kwa ubao mdogo mpaka damu ikapungua. Mama Stoo aliwakingia maji ya mvua kwenye turubai, wakanywa hapo hapo. Kisha wakaanza kujaza boti ya pili, hapo juu ya shehena. Ilikuwa imejaa zaidi ya nusu injini ilipokohoa, ikatoa povu kwenye eksozi, ikanyamaza.

Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kelele zote za mto.

"Inatosha?" Mama Stoo aliuliza.

"Italegea, lakini itaelea," afisa alisema. Aliinama akang'oa mbao mbili za ubavu wa lori kwa mateke. "Makafi haya hapa."

"Wewe unajua kupiga kafi?"

"Kila mwaka tunafanya mazoezi, Mama."

"Mnafanyia uwanja wa mpira. Boti mnaiweka kwenye nyasi, mgeni rasmi anapiga makofi."

"Basi leo hakuna nyasi," alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Walimlaza dereva ndani ya boti, kichwa mapajani mwa Mama Stoo. Hawakuhitaji kuisukuma. Maji yalipofika juu ya shehena yaliichukua boti yenyewe, na walipogeuka nyuma kidogo tu, paa la lori lilikuwa jiwe dogo linalotoa povu.

Hospitali ilikuwa juu ya kilima, mkono wa kulia, tangi lake la maji limesimama juu ya miguu ya chuma. Ndilo lililokuwa dira yao. Mto ulitaka kwenda kushoto, wao walitaka kulia. Walipiga mbao mpaka ngozi ya viganja ikatoka. Mji ulipita pembeni yao ukiwa na nusu ya urefu wake. Walipita juu ya uwanja wa shule, vichwa vya milingoti ya magoli vikichungulia. Walipita karibu na paa la kinu cha unga ambako watu walikuwa wamekaa katika mstari kama wanaosubiri zamu, na mwanamke mmoja akawainulia mtoto ili wamwone.

"Tunarudi!" afisa aliwaitia. "Tukimfikisha huyu, tunarudi!"

Dereva alikuwa anaongea. Aliongea habari za tairi za nyuma, kwamba zibadilishwe, kwamba binti mkubwa ana mtihani. Kisha akaacha kuongea.

"Shemeji. We shemeji, nijibu."

"Nipo."

"Endelea kunisumbua basi. Unanyamaza kana kwamba mimi nimekuzoea ukinyamaza."

Tangi la maji lilikuwa kubwa sasa. Waliona mpaka kutu yake. Waliona watu kwenye ngazi za hospitali. Ndipo boti ikasimama ghafla katikati ya mkondo, ikaanza kuzunguka mahali pamoja, na kutoka chini ukasikika mkwaruzo.

Ulikuwa uzio wa seng'enge wa shamba la serikali, umezama, na waya wake wa miiba ulikuwa umeshika tumbo la boti. Kila wimbi lilipopita, waya ulikwaruza. Afisa aliingiza mkono, akautoa ukiwa na damu.

"Tukikaa dakika moja zaidi utatoboa," alisema. Aliweka ubao wake chini. Alikaa ukingoni mwa boti, miguu ndani ya maji, akakaa hivyo kidogo, ameshika kamba nyembamba ya pembeni kwa mikono yote miwili. Mama Stoo aliona vidole vyake vimekuwa vyeupe. Alidhani ni baridi.

"Usiingie. Tusukume na ubao."

"Ubao hauwezi kuukandamiza. Mguu utaweza."

Aliingia. Maji yalimfika kifuani, kisha shingoni. Alipata nguzo ya uzio, akaikumbatia, akaukanyaga waya kwa miguu yote miwili akauzamisha. Boti ikajinasua. Mkondo ukaichukua mara moja, kwa haraka ambayo Mama Stoo hakuitarajia. Alimnyooshea ubao. Ulifika karibu naye kiasi cha mkono mmoja, kisha mikono miwili, kisha ukawa kitu cha bure anachokielekeza mtoni.

"Nakuja!" alipiga kelele. "Ninageuza!"

"Usigeuze! Mfikishe!"

Alijaribu kugeuza. Alipiga maji upande mmoja kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na boti ile legevu ilizunguka kama karai. Alipotazama tena, alimwona bado ameshika nguzo, uso juu, anamwonyesha kilima kwa mkono mmoja. Alipotazama mara nyingine, nguzo ilikuwepo.

Alipiga kafi. Hakujua kwamba alikuwa akipiga kelele, aliambiwa baadaye na watu wa ngazini. Wao waliiona boti ya rangi ya machungwa ikija na wakaanza kushangilia, "Boti zimefika! Boti zimefika!" Kisha wakaona ni moja, na mwanamke mmoja, na ubao. Wakanyamaza. Mafundi ujenzi wawili waliingia majini mpaka vifuani wakaivuta.

"Huyu anavuja damu bado," Mama Stoo alisema. "Mchukueni. Kuna mwingine kwenye uzio."

Wale mafundi hawakusubiri kuambiwa. Walipachika chandarua kilichokunjwa mahali palipolegea, wakachukua ubao wake na mwingine wa mlango, wakaondoka. Walirudi na watu wa kinu cha unga. Wakaenda tena, wakarudi na wengine. Mchana kutwa boti ile iliyokosa pampu, kamba na makafi ilikwenda na kurudi, na kila iliporudi Mama Stoo alisimama ngazini akitazama nyuso. Jioni jua lilitoka kidogo. Afisa hakuwa miongoni mwao.

Daktari alimkata dereva mguu chini ya goti. Mabinti waliletwa maji yalipopungua. Mdogo alitazama shuka lilivyolala chini upande mmoja, akauliza kama baba atapata kiatu kimoja au bado watamnunulia viwili. Dereva alicheka, akalia, na Mama Stoo alitoka nje akaegemea ukuta.

Mwili wa afisa ulipatikana chini ya bonde na kuzikwa ofisi ikiwepo, na hotuba ikasomwa. Katika hotuba walimwita shujaa wa utayari. Mama Stoo aliondoka kabla haijaisha.

Waliporuhusiwa kusafiri, yeye na shemeji walikwenda nyumbani kwa mama yake afisa. Ilikuwa nyumba ndogo, sebule imefagiliwa, viti vimefunikwa vitambaa. Dereva aliingia na magongo yake, akakataa kiti, akakaa chini kwenye mkeka kwa tabu kubwa.

"Mama," alisema, "mimi ndiye aliyebanwa."

Mama mtu alimtazama. Hakuwa mzee sana. Mikono yake ilikuwa na unga, alikuwa anakanda kitu walipobisha hodi.

"Ofisi walikuja," alisema. "Wakasema aliteleza."

"Hakuteleza," Mama Stoo alisema. "Aliingia mwenyewe."

"Kwenye maji?"

"Ndiyo, Mama. Kuutoa waya."

Yule mama aliinamisha kichwa. Alipoinua, macho yake yalikuwa makavu, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mwanangu alikuwa anaogopa maji. Tangu mdogo. Hata ndoo ikijaa sana hakutaka kuiinamia. Alipopata kazi ile nilimcheka, nikamwambia, wewe na mafuriko wapi na wapi? Akasema, mama, mimi nitakuwa ofisini, nahakikisha watu wengine wasiyaguse."

Mama Stoo aliviona vile vidole vyeupe kwenye kamba ya boti, akajua sasa kwamba haikuwa baridi.

"Nisimulieni," mama mtu alisema, akifuta mikono. "Wale wa ofisi walisimama mlangoni. Nyie kaeni. Anzeni alipopanda gari. Alikaa wapi? Alikuwa amekula?"

"Alikaa katikati yetu," Mama Stoo alisema. "Alikuwa amekula. Na tulimwita Bwana Utayari."

"Kwa nini?"

Basi wakaanza kumweleza, mmoja akisahau mwingine akikumbusha, na hawakuruka kitu.